Umbo Likubaliwe Kwanza: Moduli za Nuru na Suala la Istilahi za Kiswahili

Wahenga walinena kuwa avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Mwaka 2009 papa alivuma kwelikweli katika mwambao wa Kenya. Mwezi Juni mwaka huo, kebo ya TEAMS iliyotandazwa chini ya bahari kati ya Fujairah, Falme za Kiarabu, na Mombasa ilifika nchi kavu. Mwezi Julai kebo ya SEACOM ikaanza kutoa huduma, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Nchi iliyokuwa ikitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu ikaingia katika zama za nyuzi za kioo. Mwaka huo huo wa 2009, mwanasayansi Charles Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1966, iliyoonyesha kuwa kioo kilichosafishwa vyema kingeweza kusafirisha nuru kwa masafa marefu.

Wengine waliopo lakini hawavumi ni wadogo mno. Mmojawapo ni kijisanduku cha chuma chenye upana wa milimita 13.4, kimo cha milimita 8.5 na urefu wa milimita 56.5, yaani takriban ukubwa wa kidole gumba. Kijisanduku hicho huchomekwa katika swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta, simu na seva za ofisi. Kazi yake ni kugeuza umeme kuwa nuru na nuru kuwa umeme. Pasipo kitu cha kufanya kazi hiyo, faiba inayofika mlangoni pa kampuni, hospitali au chuo kikuu ni uzi wa kioo usio na faida. Makala haya yatakiita moduli ya nuru, kwa sababu zitakazobainika baadaye.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akashangaa kukikuta kifaa cha aina hii katika kurasa ambazo aghalabu hushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Mshangao huo wenyewe ni sehemu ya tatizo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kiswahili wamekuwa wakidai kuwa lugha hii inaweza kubeba sayansi na teknolojia. Dai hilo halithibitishwi kwa kulirudia makongamanoni. Huthibitishwa kwa kuchukua kitu kimoja mahususi na kukieleza kwa Kiswahili hadi mtu mwenye fedha yake mkononi aweze kuamua anunue kipi na aache kipi. Fauka ya hayo, historia ya moduli ya nuru ina funzo ambalo wataalamu wa istilahi wangepaswa kulizingatia: kilichoifanya ienee duniani ni mapatano kuhusu umbo lake la nje. Istilahi za Kiswahili zimekosa mapatano ya namna hiyo, wala hazikosi wabunifu.

Kifaa chenyewe na kazi yake

Chukulia kampuni yenye ofisi na ghala ambavyo vimetengana kwa mita 600. Ndani ya ofisi, waya wa shaba unatosha kuunganisha kompyuta na swichi, kwa maana kanuni za mitandao ya ofisi huruhusu waya huo kufika mita 100. Kutoka ofisini hadi ghalani, waya wa shaba haufai. Isitoshe, katika maeneo yenye radi nyingi kama ukanda wa Ziwa Viktoria, waya wa shaba unaopita nje kati ya majengo mawili unaweza kubeba dhoruba ya umeme hadi ndani ya vifaa. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Hivyo basi kampuni hii hutandaza faiba, kisha huchomeka moduli ya nuru katika swichi ya ofisini na nyingine katika swichi ya ghalani.

Miaka inapita, shughuli zinaongezeka, na kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde haitoshi tena. Je, kampuni itupe swichi zake na kufukua faiba? La hasha. Ikiwa matundu ya swichi hizo yaliundwa kuhimili gigabiti 10, mafundi huchomoa moduli za zamani, wakachomeka mpya katika ncha zote mbili, nayo faiba ile ile ikaendelea kutumika. Kazi hiyo hufanywa swichi ikiwa inawaka, bila kuwazimia wafanyakazi wengine mtandao. Ndiyo maana moduli hizi zikawa njia ya gharama nafuu ya kuboresha mtandao wa biashara: mnunuzi hulipia sehemu inayobadilika, akabakiza ile isiyohitaji kubadilika.

Hata hivyo, unafuu huo una masharti. Sharti la kwanza ni kasi. Moduli iitwayo SFP hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, SFP+ hubeba 10, na SFP28 hubeba 25. Zote tatu zina umbo moja la nje, na hapo ndipo mnunuzi asiye na maelezo huponzwa na macho. Anaona moduli ya gigabiti 10 ikiingia vizuri katika tundu la gigabiti 1, akadhani mambo yamekamilika, kumbe tundu hilo haliwezi kuiendesha. Zipo pia QSFP+ ya gigabiti 40 na QSFP28 ya gigabiti 100, lakini hizo zina umbo pana zaidi na huhitaji matundu yake.

Sharti la pili ni aina ya faiba. Faiba ya njia moja ina kiini chembamba cha takriban mikromita 9, na ganda lake la nje aghalabu huwa la njano. Faiba ya njia nyingi ina kiini cha mikromita 50 au 62.5, na ganda lake huwa la rangi ya machungwa au ya samawati iliyochanganyika na kijani. Moduli inayotoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 imekusudiwa faiba ya njia nyingi na masafa mafupi. Kwa kasi ya gigabiti 10, hufika mita 300 katika faiba bora ya kundi la OM3. Moduli ya nanomita 1310 inayotumia faiba ya njia moja hufika kilomita 10 kwa kasi hiyo hiyo. Kampuni ya mfano wetu, yenye mita 600, ikinunua ile ya 850 kwa sababu bei yake ni ya chini, itakuwa imetupa fedha.

Sharti la tatu ni ulinganifu wa ncha mbili. Kuna moduli zinazopeleka na kupokea katika uzi mmoja wa faiba kwa kutumia nuru za urefu tofauti wa wimbi. Hizi huuzwa kwa jozi: moja hutuma kwa nanomita 1310 na kupokea kwa 1490, na mwenziwe hufanya kinyume chake. Anayenunua mbili za aina moja atakuwa na wasemaji wawili wasiosikilizana.

Sharti la nne linahusu usafi na usalama. Katika kiini cha mikromita 9, punje moja ya vumbi ni jabali, na kwa hiyo ncha ya faiba husafishwa kila inapochomekwa. Tena nuru inayotumika haionekani kwa macho. Moduli nyingi za ofisini huwekwa katika daraja la leza lisilodhuru katika matumizi ya kawaida, lakini mitambo ya masafa marefu huweza kuwa na nguvu zaidi, na lenzi ya kukuzia huongeza hatari. Fundi hapaswi kamwe kuchungulia ncha ya faiba ili aone kama "inawaka". Agizo hili la maneno machache ndilo linalopaswa kueleweka bila shaka yoyote na kijana anayeanza kazi. Ni agizo la kulinda macho ya mtu, na halifai kuachwa katika kijitabu cha Kiingereza chenye maandishi madogo.

Aya hizi zimeandikwa kwa Kiswahili, na msomaji ambaye hakuwahi kuiona moduli ya nuru sasa ana maswali manne ya kumuuliza muuzaji. Kilichotumika hapa ni sentensi za kawaida, maneno machache ya mkopo yaliyovikwa sauti za Kiswahili, na maneno yaliyokuwapo tangu zamani kama tundu, uzi, kiini, ganda, ncha na jozi. Hapakuhitajika msamiati wa kustaajabisha.

Funzo la mapatano

Moduli hizi zilipata umbo lake kwa makubaliano ya watengenezaji walioshindana sokoni. Mwaka 2000 kampuni kadhaa zilitia saini mapatano ya pamoja yaliyoweka vipimo vya SFP: upana, kimo, urefu, mpangilio wa viunganishi 20 vya umeme, na mahali pa kuhifadhi taarifa za utambulisho. Ndani ya kijisanduku kila kampuni ilibaki huru kutumia ustadi wake. Umbo la nje lilikuwa la wote. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa Nairobi, Kigali au Muscat anaweza kununua swichi kwa huyu na moduli kwa yule.

Sharti adili kukiri kuwa mapatano hayo yamechezewa. Ndani ya kila moduli mna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa jina la mtengenezaji, nambari ya aina na nambari ya bidhaa. Baadhi ya watengenezaji wa swichi huzipanga programu zao zisome kumbukumbu hiyo na kuikataa moduli ambayo haina jina lao, hata kama imetimiza vipimo vyote. Wao hujitetea kuwa wanalinda ubora na hawawezi kuwajibikia kifaa ambacho hawakukijaribu. Utetezi huo una chembe ya ukweli, lakini anayelipia ni mnunuzi, ambaye hulazimika kununua moduli ya bei ya juu ilhali nyingine yenye uwezo ule ule ipo sokoni. Umbo ni moja, mlango ni mmoja, ila bawabu anauliza jina la ukoo.

Mwanafunzi wa Kiswahili asiharakishe kuwacheka. Hali ya istilahi za Kiswahili inafanana mno na hiyo. Nchini Kenya mwanafunzi hufundishwa tarakilishi, na jirani yake wa Tanzania husema kompyuta. Kuna wanaoitetea ngamizi pia. Runinga na rununu zimetamalaki katika vitabu vya Kenya, huku televisheni na simu ya mkononi zikitawala kwingine. Teknolojia ya habari na mawasiliano yenyewe imefupishwa kwa namna mbili, TEHAMA na TEKNOHAMA. Tukirejea katika faiba, serikali ya Tanzania imeuita mtandao wake mkuu Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na neno mkongo limezoeleka huko. Ukivuka mpaka wa Namanga, watu wanasema faiba. Uzi ni ule ule wa kioo, lakini mwongozo ulioandikwa Arusha unaweza kumtatiza fundi wa Kajiado kwa sababu ya neno ambalo kila upande unaliona kuwa ndilo halali.

Kwa upande mwingine, yapo maneno yaliyofaulu. Barua pepe, tovuti na mtandao hutumika pande zote za mpaka, na hakuna anayeuliza yalizaliwa wapi. Neno likiwafaa watu na kukubaliwa na wengi, uraia wake hausumbui. Kiswahili kimefanya hivyo kwa karne nyingi. Kilipokea nahodha kutoka Kiajemi, meza kutoka Kireno, gari kutoka lugha za Kihindi na shule kutoka Kijerumani. Maneno hayo yaliingia katika ngeli, yakatii upatanisho wa kisarufi, na lugha haikupasuka. Kwa mintarafu hiyo, moduli na swichi haziletei Kiswahili hatari yoyote mpya.

Jina lipi litumike?

Katika kutafuta jina la kifaa hiki, njia tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni kutohoa jina la Kiingereza na kupata transiva. Neno hilo ni fupi, lakini halimwambii chochote asiyejua Kiingereza. Ya pili ni kuunda neno kutokana na kazi ya kifaa, mathalan kigeuzi nuru. Muundo huo ni wa Kiswahili halisi, ila mafundi wana kifaa kingine, kisanduku kikubwa zaidi kinachojitegemea na kugeuza mawimbi ya shaba kuwa ya nuru, ambacho kingestahili zaidi jina hilo. Ya tatu ni kuchukua neno moduli, ambalo wanafunzi wamekwisha kulizoea katika masomo, na kuliongezea kivumishi cha kazi: moduli ya nuru. Jina hili huingia katika ngeli ya I-ZI pasi na taabu, hueleweka, na halichukui nafasi ya jingine. Neno swichi nalo linahitaji uangalifu, kwa kuwa kwa watu wengi swichi ni ile ya kuwashia taa ukutani. Swichi ya mtandao huondoa utata huo.

Pendekezo hili linaweza kukataliwa, na si hoja. Hoja ni kuwa liwepo jina moja, ngeli moja na maana moja vilivyokubaliwa, kisha kila mwandishi awe huru kuandika kwa mtindo wake. Hilo ndilo umbo la nje la istilahi. Anayebuni neno zuri peke yake, akalichapisha katika orodha yake na kulisifu, ni sawa na mtengenezaji aliyeunda moduli bora isiyoingia katika tundu la mtu yeyote.

Wapo watakaopinga kuwa juhudi hizi hazina haja, kwa maana fundi wa mitandao husoma Kiingereza chuoni na vifaa vyenyewe huagizwa kutoka ng'ambo. Pingamizi hilo linasahau kuwa anayenunua si fundi peke yake. Ni mwenye duka la jumla, mhasibu wa chama cha ushirika, mwalimu mkuu wa shule, msimamizi wa zahanati. Hawa ndio hutia saini hundi, na hujadiliana na fundi kwa Kiswahili. Mjadala ukifika katika jambo lenyewe, fundi huhamia Kiingereza na mnunuzi hunyamaza. Kimya hicho kina gharama: ndani yake huuzwa moduli zisizofaa, na ndani yake mnunuzi huambiwa anunue swichi mpya ambayo hakuihitaji. Lugha inayoeleweka na pande zote mbili ni kinga ya mfuko wa mnyonge.

Wapo pia, hasa miongoni mwa wapenzi wa lugha, watakaosema kuwa maneno kama faiba na gigabiti ni uchafu. Hawa waulizwe swali moja: je, mwongozo safi ambao hausomwi una faida gani kwa Kiswahili? Usafi wa lugha hupimwa kwa uwezo wake wa kueleza jambo bila utata.

Kazi iliyo mbele

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Tarehe 7 Julai imekuwa Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoitangaza mnamo Novemba 2021, na kila mwaka vyuo huiadhimisha kwa ngonjera, maigizo na hotuba. Sherehe hizo ni njema. Lakini kila chuo kikuu kina idara inayosimamia mitandao, na katika idara hiyo mna mafundi ambao kila siku huchomeka na kuchomoa moduli hizi. Mafundi hao wana maneno yao, mengine ya mkopo, mengine ya Sheng, mengine ya Kiswahili fasaha ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Ni wanafunzi wangapi wa isimu waliowahi kuwaendea kwa daftari na kalamu?

Chama cha wanafunzi kinaweza kuianza kazi hii bila kusubiri ruzuku. Wanachama wachache wakutane na mafundi wa chuo chao, wasikilize, waandike kila neno pamoja na sentensi ambamo limetumika. Kisha watunge mwongozo wa kurasa mbili wa kuchagua na kuchomeka moduli ya nuru, wampe fundi ausahihishe kwa upande wa ufundi na mhadhiri ausahihishe kwa upande wa lugha. Mwongozo huo upelekwe kwa wenzao wa Dar es Salaam, Kampala na Zanzibar kupitia CHAWAKAMA, chama kinachowaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wauhakiki na kutaja panapowatatiza. Maneno yatakayovuka mpaka bila kukwama yapelekwe mbele ya BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyo na makao yake Zanzibar. Taasisi hizo zitapokea maneno yaliyokwisha kujaribiwa kazini, na kazi yake itakuwa kuyaidhinisha, badala ya kuyakisia.

Wahadhiri nao wana nafasi yao. Tasnifu nyingi za uzamili hurudia kuchambua wahusika wa riwaya zile zile. Tasnifu moja inayochunguza lugha ya mafundi wa faiba wa mtaa mmoja wa Nairobi ingekuwa na data mpya, ingeisaidia taaluma ya uundaji wa istilahi, na ingesomwa hata nje ya idara. Anayependekeza mada hiyo asionekane kuwa ameikimbia fasihi. Ameifuata lugha huko ilikokwenda kutafuta riziki.

Watengenezaji wa moduli walikuwa washindani, na kila mmoja alitaka kumpiku mwenziwe. Bado waliweza kuketi pamoja na kupatana juu ya milimita chache za chuma. Wataalamu wa Kiswahili wa Kenya, Tanzania na Uganda hawashindani kibiashara, na wanachotakiwa kupatana ni maneno machache tu kwa kuanzia: moduli ya nuru, swichi ya mtandao, faiba au mkongo. Wakishindwa na hayo, wasimlaumu fundi anapomgeukia mnunuzi wake na kuendelea kwa Kiingereza.